Homa Ikishapoa, Mvue Kofia

Mjukuu wangu,

Juzi ulipokuja hapa Iringo na kitukuu changu mgongoni, ulikuwa umemvika kofia nyekundu ya kufuma hadi kwenye nyusi. Nikakwambia, "Mvue kofia nimwone." Ukacheka: "Bibi, na upepo wote huu wa ziwani?" Sikukujibu. Mumeo ndiyo kwanza alikuwa amenawa, sahani ya sato iko mbele yake, nami sina tabia ya kumharibia mtu ugali kwa maneno ya hospitali. Leo nimetulia, miwani nimeiona, nakujibu kwa maandishi ili usije ukasema hukusikia. Mumeo naye asome. Na kaka yako, yule mume wangu wa karabai anayelala mchana kama popo na hajaniletea hata dagaa wa kopo moja, mpe asome sehemu yake. Iko huko chini.

Uliniambia mtoto alishikwa na homa akiwa na siku 11. Akakataa ziwa, akakakamaa mara mbili, mkamkimbiza hospitali usiku, akalazwa, akachomwa sindano kwa siku 14, akaruhusiwa. Mkachinja kuku. Mlifanya vyema, na waliomtibu walifanya vyema. Lakini wakati unasimulia, mimi nilikuwa nahesabu wiki kwa vidole chini ya khanga. Kwa homa ya namna hiyo, siogopi sana usiku wenyewe wa homa, maana usiku huo nyumba nzima iko macho. Naogopa wiki ya tatu, ya sita, ya kumi baada ya kuku kuliwa, wakati hakuna tena anayemwangalia mtoto zaidi ya kumsifia.

Hili sikufundishwa darasani.

Mwaka 1987 nilikuwa nesi mkunga katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Mdogo wangu wa kiume akapata mtoto wake wa kwanza, nikawa shangazi. Akiwa na siku 9 mtoto akapata homa, kitovu kinatoa usaha. Nikamchoma penisilini mwenyewe, homa ikashuka, nikatembea mtaa mzima kichwa juu. Nikamfumia na kofia ya manjano. Baada ya wiki kadhaa wifi yangu akaja na ile kofia mkononi: "Wifi, haiingii." Nikaigeuza, nikaivuta huku na huku, nikamwambia, "Uzi umerudi. Umeifua kwa maji ya moto." Nikafuma nyingine, kubwa zaidi. Hiyo ikamkaa kama mwezi mmoja. Nikafuma ya tatu. Nesi mzima, mwenye cheti ukutani, nafuma kofia tatu kwa kichwa kimoja ndani ya miezi minne na bado nalaumu uzi!

Pale zahanati tulikuwa na futi moja ya kupimia. Ilikuwa imekatika mwanzoni, inaanzia sentimita 8, na kazi yake ilikuwa matumbo ya wajawazito. Hakuna aliyewahi kuizungushia kichwa cha mtoto. Uzito tuliandika, chanjo tuliandika, kichwa tulikipapasa tu. Siku nilipomwona yule mtoto macho yameshuka, weupe umetokeza juu ya mboni kama jua linapozamia ziwani, ndipo nilipokaa chini. Mishipa ilikuwa imejichora kichwani. Utosi umekaza kama ngozi ya ngoma. Upande wa mama walikuwa wameshamtafutia dawa: chale kisogoni na majani yaliyopondwa juu ya utosi. Tulipofika hospitali kubwa tuliambiwa maji yamekaa muda mrefu mno. Aliishi miaka sita. Alikuwa haoni, ila akisikia sauti yangu alikuwa anacheka. Afadhali angelia.

Sasa nikwambie hayo maji ni maji gani, maana neno "maji kichwani" linawatisha watu kabla hawajalielewa.

Kila mtu ana maji kichwani. Ndani ya ubongo mna vyumba vinne, na humo mna vinyama laini vinavyotengeneza maji maangavu, yanayoulowanisha ubongo na kuukinga usigonge fuvu. Mtu mzima hutengeneza kama nusu lita kwa siku, ile chupa ndogo ya maji ya dukani. Lakini ukiyakusanya yaliyomo kichwani na mgongoni kwa wakati mmoja, hayazidi sana theluthi ya chupa hiyo. Maana yake hayakai: yanatoka vyumbani, yanauzunguka ubongo, yanashuka kwenye uti wa mgongo, kisha yananyonywa na kurudi kwenye damu. Kati ya chumba cha tatu na cha nne kuna mfereji mwembamba sana. Vijidudu vikiingia humo, dawa hupigana navyo, na zikishinda homa inashuka. Ila kidonda kikipona huacha kovu. Kovu la mkononi halina neno. Kovu la kwenye mfereji ule linauziba, na vile vinyama vinaendelea kutengeneza maji usiku na mchana kama kawaida, maana vyenyewe havina habari kwamba njia imefungwa.

Mtu mzima fuvu lake limeshafunga, kwa hiyo atashika kichwa na kutapika, watu watajua anaumwa. Mtoto mchanga mifupa yake haijaungana. Inasogea, inayapisha maji. Ndiyo maana halii sana, na ndiyo maana tunadanganyika. Ubongo unabanwa ukutani kidogo kidogo huku mtoto ananyonya, na majirani wanasema huyu atakuwa mwalimu, oneni kichwa.

Kichwa kikubwa, au kichwa maji kama wengine wanavyokiita, hakina chanzo kimoja. Wako wanaozaliwa nacho. Wako wanaokuja nacho pamoja na mgongo wazi. Wako watoto njiti waliovuja damu ndani ya ubongo. Ila kwa ukanda wetu huu iko habari ya Mbale, Uganda, na Mbale si mbali: ukishavuka Sirari, ukapita Kisumu na Busia, umekaribia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilifunguliwa pale hospitali ya watoto ya CURE, na daktari Mmarekani, Benjamin Warf, akaanza kuwahesabu watoto aliokuwa akiwapasua na kuuliza historia zao mmoja mmoja. Mwaka 2005 akaandika kwamba zaidi ya nusu hawakuzaliwa na tatizo hilo. Lilitokana na maambukizi, na wengi wa hao homa iliwapata hawajatimiza mwezi mmoja. Daktari kijana mmoja alinisimulia hayo kwenye semina nikiwa nakaribia kustaafu. Niliweka kalamu chini. Siku 9, mjukuu wangu. Yule wa mdogo wangu alikuwa na siku 9.

Kijidudu chenyewe kiliwasumbua kukipata. Waliyaotesha yale maji maabara, mara nyingi hakikuota kitu. Mwaka 2020 wakatangaza kwamba kwa kusoma vinasaba vilivyomo kwenye maji ya watoto wa kule wamekuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus, jina ambalo mimi katika miaka yangu yote ya ukunga sikuwahi kulisikia. Na kabla ya hapo walikuwa wamelinganisha wagonjwa na mvua, wakaona wagonjwa huongezeka na kupungua kufuatana na majira. Hilo linaniingia akilini. Sisi wa ziwani tunaijua sakafu ya udongo wakati wa masika, tunajua ndoo inachotwa wapi na mkono unafutwa wapi kabla ya kumshika mzazi na mwanawe.

Basi kazi yako ni hii. Chukua futi ya fundi cherehani. Mvue mtoto kofia, na kama una mpango wa kumsuka, mwache kwanza. Izungushe futi juu kidogo ya nyusi, ipite juu ya masikio, iende pale kisogo kinapochomoza zaidi. Isilegee, isibane. Pima mara tatu, chukua kipimo kikubwa. Andika tarehe na sentimita nyuma ya kadi ya kliniki, kwa kalamu ya wino. Usiniambie utakumbuka. Mtoto aliyetimiza miezi tumboni huzaliwa na kichwa cha sentimita 33 hadi 37 hivi. Miezi mitatu ya kwanza kinaongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi, miezi mitatu inayofuata kama sentimita 1, kisha nusu nusu. Wa kwako, kwa homa ile aliyoipata, mpime kila Jumapili mpaka atimize miezi sita. Na usihangaike na namba moja. Vichwa vya ukoo wetu ni vikubwa, babu yako alikuwa hapati kofia dukani mpaka Mwanza. Namba moja haisemi kitu. Zinazosema ni tatu zikipangwa. Lakini kikipanda sentimita 1 au zaidi ndani ya wiki moja, usingoje Jumapili nyingine.

Utosi nao uupapase, mtoto akiwa amekaa na ametulia, maana akilia huvimba hata ule mzima. Wa kawaida uko bapa au umebonyea kidogo, na unapigapiga. Uliotuna na kukaza akiwa ametulia ni neno. Macho yanayoshuka ni neno, tena la kuchelewa. Kutapika bila kuharisha, usingizi uliopitiliza, kilio chembamba kisicho cha njaa wala cha nepi, degedege: usipime hata futi, beba mtoto nenda.

Degedege nimelitaja, basi niseme. Wazee wenzangu watakwambia ni dege limepita juu ya nyumba, na kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Wanasema walichokiona, sikatai. Walimwona mtoto aliyefukizwa siku mbili, akapakwa, akazungushwa kwa waganga watatu, ndipo akapelekwa kuchomwa sindano, akafa. Sindano ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenye foleni, ikabeba lawama za wote. Mimi sina ugomvi na mitishamba, mwarobaini nanywa mpaka leo. Ila anayetaka kuchanja kichwa cha kitukuu changu kwa wembe, mlete kwangu kwanza tuongee.

Na msimfiche. Hapa mtaani alikuwepo mama aliyemfunika mwanawe khanga tangu asubuhi mpaka usiku, akipita njia ya nyuma kwenda kisimani. Kliniki aliacha kwenda kwa sababu wenzake kwenye benchi walikuwa wanasogea. Mumewe alikuwa ameshaondoka, amesema kwao hakuna kitu kama hicho. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini pale aliyefichwa hakuwa na kosa na aliyeficha alikuwa amekimbiwa na watu wote. Mkwe wangu, nakusema wewe: likitokea, usiulize limetoka ukoo wa nani. Shika mfuko wa nguo, tangulia mlangoni.

Pa kwenda ni hapa hapa kwanza. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ile ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, tuliyoisubiri tangu Mwalimu mwenyewe yuko hai. Uliza picha ya kichwa. Kwa mtoto ambaye utosi bado uko wazi, altrasaundi inaweza kupitishwa pale pale utosini ikaonyesha vyumba vya maji vimetanuka kiasi gani, bila kumchoma popote. Daktari akiona neno atakuandikia rufaa ya Bugando, Mwanza: basi la alfajiri kutoka Bweri, unapita Bunda, Lamadi, Magu, na siku hiyo hiyo umeonwa mapokezi. Ikibidi kupita hapo ni MOI, taasisi ya mifupa na ubongo kule Muhimbili. Mwaka 2016 GSM Foundation iliwadhamini madaktari wa MOI wakazunguka mikoani kuwapasua watoto hawa. Ni jambo jema na nililishangilia, ila kichwa cha mtoto hakingoji msafara.

Kuhusu upasuaji watu wanasema mengi. Wa kwanza ni wa kuweka mrija, wanauita shanti, mtaani tunasema "kuwekewa mpira." Unaanzia kwenye chumba cha maji, unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, unaishia tumboni, na maji yanayozidi yanamwagikia huko yananyonywa. Katikati pana vali ndogo ya kuzuia yasikimbie yote. Hapa kuna kisa nakipenda. Alikuwepo Mwingereza mmoja, Roald Dahl, aliyefanya kazi kampuni ya mafuta ya Shell pale Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1930, baadaye akawa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto. Mwaka 1960 mwanawe mchanga aligongwa na teksi New York, maji yakajaa kichwani, akawekewa mrija, na vali ikawa inaziba kila mara. Dahl akamtafuta fundi Stanley Wade, bingwa wa injini za ndege za kuchezea, na daktari wa mtoto, Kenneth Till, wakatengeneza vali isiyoziba upesi. Ilipokuwa tayari, mtoto wa Dahl hakuihitaji tena, lakini watoto wapatao 3,000 waliwekewa. Na kabla yao, Marekani, fundi mwingine John Holter alikuwa ametengeneza vali yake miaka ya 1950 kwa sababu ya mwanawe aliyezaliwa na mgongo wazi. Baba wawili, hata mmoja si daktari. Mkwe wangu, umeona?

Upasuaji wa pili hauachi kitu ndani. Wanaingiza kamera nyembamba, wanatoboa njia mpya sakafuni mwa chumba cha tatu, na kule Mbale Warf akaongeza kuvichoma vile vinyama vinavyotengeneza maji ili vipunguze kasi. Aliona mbali: mrija ukiziba na mtoto yuko kijijini, barabara imekatika kwa mvua, nani atamwokoa? Mwaka 2017 zilitolewa habari za watoto 100 wa pale Mbale waliogawanywa kwa kura, nusu mrija, nusu njia ya kamera, na baada ya mwaka mmoja akili zao hazikutofautiana kwa kiasi cha kusemea. Kwa hiyo usibishane na daktari juu ya ipi. Bishana naye kuhusu lini.

Na akiwekewa mpira, msichinje kuku mkasahau. Hata huko Marekani, karibu nusu ya mirija ya watoto huharibika ndani ya miaka miwili, ama kwa kuziba ama kwa kuingia vijidudu. Mpira ni kama mtumbwi wa mbao: unakupeleka, lakini kila asubuhi unaangalia unavujia wapi. Homa, kutapika, usingizi, utosi kutuna tena, wekundu kwenye njia ya mrija, mrudishe siku hiyo hiyo. Yuko kijana wa Makoko ambaye mama yake alimpima kwa futi niliyomwazima mimi. Aliondoka na basi siku ya tatu baada ya kipimo cha pili. Sasa yuko darasa la kwanza, anakimbia kama swala, na nyuma ya sikio ana kiuvimbe cha vali kama punje ya maharage. Nasikia huwatoza wenzake shilingi 100 kukigusa. Nimemwambia mama yake amkataze, lakini nilicheka kwanza.

Haya, mume wangu wa karabai, zamu yako.

Homa ya uti wa mgongo, yaani vijidudu kuingia kwenye yale maji, si ugonjwa wa watoto peke yao. Ukiona mvuvi mwenzio kambini ameshikwa ghafla na homa, shingo imekaza, mwanga unamuumiza, anaanza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, hapo mnahesabu saa, hamhesabu siku. Washeni mashine mumtoe kisiwani, hata kama nyavu ziko majini. Lakini upo mwingine unaokuja kimya, ule wa fangasi. Mbegu zake ziko kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, sote tunazivuta na hazitufanyi kitu. Aliye na virusi vya Ukimwi na kinga imeshuka ndiye zinampanda kichwani. Kichwa kinauma wiki mbili, tatu. Anameza dawa ya malaria, anameza tena, anaambiwa ni malaria sugu, anaambiwa ni presha, anaambiwa amerogwa kwa sababu ya mtumbwi mpya. Maji hayajaongezeka, ila fangasi wameyazibia pa kutokea, na shinikizo linapanda mpaka macho yanaingia giza.

Huyu anahitaji sindano ya mgongo, ile mnayoikimbia. Najua mnavyosema: ukichomwa mgongo unapooza, au hutoki. Nimeshika wagonjwa wengi wakichomwa, wamejikunja kama kamba (wa baharini, si ya kufungia). Sindano inaingia chini kabisa kiunoni, na uti wenyewe unaishia juu ya hapo. Chini ni mishipa inayoelea majini, inaipisha sindano. Kwa mwenye fangasi ule mchomo si kipimo peke yake. Daktari akitoa maji kiasi, shinikizo linashuka, na nimemwona mwanaume aliyekuja anapiga kichwa ukutani akiomba chai kabla jua halijazama. Kwa wagonjwa wa Uganda na Afrika Kusini waliofuatiliwa, matokeo yalitoka 2014, na waliotolewa maji walau mara moja zaidi kwa ajili ya kupunguza shinikizo walipona kwa wingi kuliko ambao hawakutolewa. Anayekataa sindano hiyo anakataa kupumua.

Afadhali kuliko hiyo ni kutofika huko. Dar es Salaam na Lusaka walijaribu jambo dogo: watu kama 2,000 wenye kinga ya chini wanaoanza dawa za Ukimwi, nusu wakapimwa damu kama wana fangasi hao kabla hata kichwa hakijauma, na mtu wa kawaida aliyefundishwa akawatembelea nyumbani wiki za mwanzo. Dokta Sayoki Mfinanga wa NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba, na wenzake wakaandika mwaka 2015 kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 28. Sikuulizi hali yako, ni siri yako na Mungu na kliniki. Nasema tu: ukihamia kisiwa cha Rukuba kwa msimu, kadi ya CTC, ile ya kliniki ya dawa, ihame na wewe, na dawa zisiishe kwa sababu dagaa wamekubali.

Narudi kwako mjukuu wangu, niseme ya mimba ijayo kabla sijasahau. Kitovu kikae kikavu na kisafi. Si mavi ya ng'ombe, si vumbi la ukuta, si mate ya bibi yeyote, nikiwemo mimi. Anayetaka kumbeba mtoto wa chini ya mwezi anawe, hata kama ni mchungaji. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 usiruke hata moja, maana ndani ya ile sindano yenye kinga tano, iliyoingia nchini mwaka 2009, na ile ya kichomi iliyofuata mwaka 2013, mna kinga dhidi ya vijidudu viwili vilivyokuwa vikituletea homa ya uti wa mgongo ya watoto zamani. Na vidonge vya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, vianze kabla ya mimba, kwa sababu mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wewe bado unadhani umechelewa kwa uchovu. Serikali ilipitisha kanuni mwaka 2011 za kuongeza virutubisho kwenye unga wa ngano wa viwandani, foliki ikiwemo. Lakini sisi watu wa ugali wa muhogo na mtama, hiyo ngano tunaionea kwenye maandazi.

Mkono umechoka. Njoo Jumapili baada ya misa, na hiyo kofia nyekundu usimvue njiani, mvike uje naye hivyo hivyo. Nataka kuiona inavyotoka. Nikichelewa kurudi, ingia ndani, futi iko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, chini ya nyuzi. Hii haijakatika, inaanzia sentimita 1, nimehakikisha mwenyewe. Humo utakuta kofia tatu za manjano zimewekwa moja ndani ya nyingine. Wifi yangu aliniletea baada ya mazishi. Chukua futi, hizo ziache zilivyo.

Bibi yako, Iringo.